TOVUTI YA CHAMA KUZIMIKA SAA YA KUTOKA KAZINI



Kila aliyefanya kazi kiwandani anaujua ugonjwa wa mashine inayosimama yenyewe, kisha fundi akiitwa huikuta inanguruma kana kwamba haijapata kuugua. Fundi hutazama, hugonga hapa na pale, hutia sahihi karatasi yake na kwenda zake. Hajafika langoni, mashine imesimama tena. Mashine iliyokufa moja kwa moja ina nafuu, maana wote huiona imekufa na hakuna ubishi. Hii ya kufa na kufufuka ndiyo inayomaliza siku za watu na kuwagombanisha.

Ugonjwa huo uliishika tovuti ya chama chetu, tena wakati mbaya. Mapendekezo ya mkataba mpya wa kazi yalikuwa yamewekwa humo ili wanachama wa mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda na wa viwanda vya Jinja wayasome na kutoa maoni yao katika muda wa siku 30, kabla ya kamati kuketi na waajiri. Humo mlikuwa na mambo ya malipo kwa kilo ya majani, posho ya zamu ya usiku, likizo ya uzazi, na kile kifungu cha mashine za kuchumia ambacho kila mchuma chai alitaka kukisoma kwa macho yake mwenyewe. Watu wakafungua simu zao, wakakuta ukurasa mweupe wenye maneno ya kwamba tovuti imeshindwa kuifikia hifadhidata. Wakijaribu baada ya robo saa, inafunguka. Kesho yake mambo yakawa yale yale.

Hapo uvumi ukapata pa kukaa. Ikasemwa kwamba viongozi wanaifunga tovuti makusudi ili mkataba upite bila kusomwa, na kwamba wamekwisha kupewa chao. Sisi hatuwalaumu waliosema hivyo. Mwezi wa Januari 2021, siku za uchaguzi mkuu, intaneti ya Uganda nzima ilizimwa kwa amri kwa siku kadhaa, na mtu aliyekwisha kuzimiwa mara moja ana haki ya kuuliza nani ameshika swichi safari hii. Lakini ofisini nako mlikuwa na maneno mabaya kuliko hayo. Wako waliosema kwamba wanachama ndio wanaoiua tovuti kwa kuifungua wengi kwa mara moja, na wakashauri kwamba mapendekezo yaondolewe, kila katibu wa tawi apewe nakala moja ya karatasi, basi. Maana yake ni kwamba mwanachama anayetaka kusoma mkataba wake aende kubisha mlangoni kwa katibu. Hilo tulilikataa, lakini kukataa tu hakutoshi. Ilibidi tujue kinachoizima.

Kampuni iliyotukodisha seva, yaani ile kompyuta inayowaka mchana na usiku na kuwapa watu kurasa wanazoomba, ilikuwa na majibu mawili. La kwanza, kila tulipolalamika waliizima seva na kuiwasha upya, wakasema imepona. La pili, walitushauri tukodi seva kubwa zaidi kwa bei mara tatu. Bei hiyo ingetoka katika michango ya watu wanaolipwa kwa kilo.

Kazi ya kutafuta ugonjwa tulimpa binti mmoja, mtoto wa mchuma chai, aliyesomea kompyuta na ambaye leo anaishi kwa kutengeneza seva za watu. Jambo la kwanza alilotuomba lilikuwa madaftari ya shule. Kila tawi lilipewa daftari moja, na mwakilishi wa wafanyakazi akaagizwa aandike mambo matano kila tovuti inapokataa: tarehe, saa, mahali alipo, mtandao wa simu anaoutumia, na maneno aliyoyaona kwenye kioo, neno kwa neno, bila kuyafupisha.

Hayo ya mwisho yalikuwa na maana kubwa kuliko tulivyodhani, maana tovuti inayokataa haikatai kwa namna moja. Ukiona namba 404, nyumba iko wazi ila ukurasa unaoutaka haumo. Namba 503 ni seva inayosema kwamba kwa sasa haiwezi kuhudumia. Namba 502 na 504 hutoka kwa seva ya mbele ambayo imemwomba mwenzake wa nyuma jibu, ikapata jibu bovu au ikangoja mpaka ikachoka. Simu ikisema kwamba jina la tovuti halipatikani, basi hata barabara ya kuelekea huko haijajulikana, na kosa litafutwe kwa wanaotunza majina. Na ikizunguka tu bila kusema neno, yawezekana barabara yenyewe imekatika.

Barabara hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi za jirani wakapata intaneti ya kusuasua. Siku kama hiyo hakuna fundi wa seva atakayekusaidia. Hata matajiri wakubwa hupatwa: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa sababu amri moja wakati wa matengenezo iliziondoa njia za kuifikia kampuni hiyo, na mafundi wake wakapata taabu hata ya kuingia katika majengo yao wenyewe. Lakini barabara ikikatika hukatika kwa majirani wote. Madaftari yetu yalionyesha kwamba wakati tovuti ya chama inakataa, wanachama wale wale walikuwa wakisoma magazeti na kutuma pesa kwa simu bila taabu. Tena ilikataa Jinja na Fort Portal kwa dakika ile ile, na kwa mitandao yote ya simu. Barabara ikaachiliwa. Mgonjwa alikuwa ndani ya nyumba.

Sasa tufike kwenye saa, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo majuma matatu yalipopotelea. Katika madaftari karibu yote ilijirudia tarakimu moja: saa 9. Malalamiko ya wanachama yalikuwa yakipelekwa kwa kampuni yalivyo, na kampuni ilijibu kila mara kwamba saa 9 seva ilikuwa nzima, haina hata homa. Walisema kweli. Walitazama saa 9 ya seva. Mwanachama wetu alikuwa akisema saa tisa alasiri, wakati zamu ya asubuhi inapotoka na wenye zamu ya pili wanaingia.

Seva nyingi zimewekwa katika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Nayo haihesabu kuanzia alfajiri kama tunavyohesabu sisi, Waswahili na Waganda. Huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo saa tisa alasiri yetu ni saa 15 ya kizungu, na ukiondoa 3 unapata saa 12 kamili katika daftari la seva. Njia ya mkato ni hii: chukua saa yako ya Kiswahili, ongeza 3, kisha utafute asubuhi au jioni yake. Saa moja asubuhi ni saa 4 ya seva. Saa mbili usiku ni saa 5 ya jioni yake, ambayo yenyewe huiandika 17. Binti huyo aliibandika hesabu hiyo ukutani kwa karatasi kubwa. Tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka ofisini kwetu yenye saa bila kuandikwa ni saa ya wapi.

Seva huweka daftari lake. Kila ombi la ukurasa huandikwa mstari, na kila kosa huandikwa mahali pake. Daftari la kurasa lilionyesha kwamba kuanzia saa 12 ya seva maombi yanaongezeka ghafla, kisha yanakuja makosa mfululizo kwa dakika chache, kisha kimya, kisha kazi inaendelea. Lakini halikusema kwa nini. Jibu lilikuwa katika daftari la pili, lile la kiini cha Linux chenyewe, ambalo watu wengi hawalifungui. Humo mliandikwa kwamba kumbukumbu imekwisha na kwamba hifadhidata imeuawa.

Tuieleze kwa lugha ya karakana. Kumbukumbu ya seva ni meza ya kazi. Kila mtu anayefungua ukurasa hupewa kibarua mmoja wa kumhudumia (programu ya Apache tunayotumia huwaita hasa wafanyakazi), na kila kibarua hutandaza vifaa vyake mezani. Ghala ya habari, yaani hifadhidata, nayo imekaa juu ya meza hiyo hiyo. Vibarua wakizidi na meza ikajaa, kiini cha Linux hakingoji seva nzima ianguke. Huchagua mmoja na kumwua ili nafasi ipatikane. Katika kuchagua huko hakiangalii nani ameleta msongamano. Huangalia zaidi nani ameshika nafasi kubwa, na mara nyingi huyo ni hifadhidata, ambayo kosa lake ni unene tu. Ikiuawa, kila ukurasa unakataa. Baada ya muda mfupi mlinzi wa programu huiwasha tena, na hapo fundi aliyeitwa hukuta kila kitu kinafanya kazi.

Hesabu yake yafaa kila mwenye seva aipige, wala haihitaji shule kubwa. Seva yetu ina kumbukumbu ya megabaiti 2,048. Mfumo wenyewe hula kama 350, na hifadhidata kama 500. Zinabaki karibu 1,200 za vibarua. Tulipopima, kila kibarua alikuwa akila kama 50. Gawanya: vibarua 24, hapo meza imejaa. Lakini katika mpangilio ambao seva ilikuja nao, mstari ulioandikwa MaxRequestWorkers ulikuwa na ruhusa ya vibarua 150. Vibarua 150 kwa megabaiti 50 ni megabaiti 7,500, zaidi ya mara tatu ya kumbukumbu yote iliyopo. Ni sawa na basi la watu 24 lenye tiketi 150 zilizokwisha kukatwa. Siku zote lilikwenda salama kwa sababu abiria walikuwa wachache.

Fundi akaishusha namba hiyo hadi 20. Watu wengine ofisini walishtuka: mnapunguza wahudumu wakati watu wanaongezeka? Ndiyo. Anayezidi 20 hangoji nje ya lango milele, husimama kwenye foleni kwa sekunde chache, na hifadhidata haiuawi. Foleni inayokwenda ni bora kuliko mlango unaowaangukia wote. Hapa tuwape tahadhari wenzetu wa vyama vingine: idadi hiyo ikifikiwa, daftari la Apache huandika ushauri kwamba fikiria kuiongeza. Msiutii ushauri huo kabla ya kupiga hesabu ya meza. Daftari haliijui kumbukumbu mliyo nayo.

Hata hivyo swali lilikuwa bado liko: kwa nini vibarua wengi hivyo wakusanyike? Wanachama si malaki. Kibarua anayetoa ukurasa wa kawaida humaliza kwa nusu sekunde, hivyo vibarua 20 waweza kujibu maombi 40 kwa sekunde moja, yaani 2,400 kwa dakika. Hiyo ingewatosha wote wanaotoka zamu, na zaidi.

Jibu lilikuwa mkataba wenyewe, au tuseme namna ulivyowekwa. Kurasa zake 38 zilikuwa zimepigwa picha moja moja na kufungwa katika faili moja la megabaiti 40. Katika simu ya mchuma chai aliye bondeni, ambako mtandao huleta kama nusu megabiti kwa sekunde, faili hilo hushuka kwa zaidi ya dakika 10. Na muda wote huo kibarua wake amesimama naye, ameshika upande mmoja wa gunia, hawezi kumhudumia mwingine. Vibarua 20 wa namna hiyo huwatosheleza watu 2 kwa dakika. Linganisha 2 na 2,400. Mtu ambaye simu yake ilikatika katikati alianza upya, akamchukua kibarua mwingine. Tusisahau na upande wa mfuko: megabaiti 40, pengine mara mbili tatu, zilitoka katika kifurushi alichonunua mwenyewe kwa jasho lake.

Wale waliosema wanachama wanaiua tovuti waliambiwa hesabu hiyo katika kikao, tukanyamaza tuwasikilize. Mwanachama alifanya kile kile tulichomwomba afanye: asome. Alitoka zamu saa tisa kwa sababu mwajiri humtoa saa tisa. Hakuchagua kukaa bondeni kwenye mtandao hafifu. Ukitengeneza ngazi ya mti mwembamba, kisha ukamlaumu mpandaji kwa uzito wake, wewe si seremala.

Makarani wawili wa ofisi waliupiga chapa mkataba wote upya kuwa maandishi ya kawaida, kazi ya siku mbili. Ukurasa uliotoka haukufika kilobaiti 200, na simu ile ile ya bondeni huupata kwa sekunde tatu nne. Kila kifungu kikapewa kiungo chake, ili anayetaka habari za mashine za kuchumia asilazimike kupita kwanza katika likizo na marupurupu. Faili la picha lilibaki kwa anayetaka kuona sahihi na mihuri, lakini likapelekwa mahali pengine ambapo halishiki vibarua wetu. Seva kubwa hatukuikodi.

Kuhusu kule kuzima na kuwasha upya. Hatusemi kwamba ni haramu. Watu wakingoja mlangoni, washa kwanza. Lakini sehemu ya daftari la kiini hukaa katika kumbukumbu, na isipokuwa imepangwa kuandikwa kwenye diski, seva ikizimwa nayo hupotea. Fundi wa kampuni alipokuwa akiiwasha upya kila mara bila kutazama, alikuwa akiosha damu kabla askari hawajafika. Sasa mkataba wetu na kampuni una sharti moja jipya: kabla ya kuzima, nakala ya madaftari yote mawili ichukuliwe na itumwe kwetu. Waliguna kidogo, wakakubali. Kuna sababu nyingine nyingi za tovuti kuwaka na kuzimika ambazo fundi alizipitia upesi na kuziacha: diski iliyojaa, cheti cha usalama kilichopitwa na tarehe, na watunza majina wawili ambao mmoja wao anatoa jibu lisilo sahihi, hivyo baadhi ya watu wanafika na baadhi wanapotea. Kila moja ina alama zake, na alama hizo hazikuwamo katika madaftari ya matawi.

Siku zilizopotea tulizidai. Muda wa maoni uliongezwa kwa siku 14, na matangazo yakabandikwa kwenye mizani ya majani na milango ya viwanda yakieleza kilichotokea, pamoja na hesabu ya vibarua 24 na tiketi 150, ili kila mtu aipige mwenyewe. Maoni juu ya kifungu cha mashine za kuchumia yalikuja mengi kuliko ya vifungu vingine vyote, na mengi yalikuwa makali. Yako mikononi mwa kamati kama yalivyoandikwa.

Madaftari hayajarudishwa. Wafanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha chai, wale wanaokausha majani wakati wengine wamelala, wameandika mistari michache ya saa tisa usiku. Kwanza ilidhaniwa kuwa mwandishi amekosea kati ya usiku na alasiri, lakini walishikilia neno lao. Saa tisa usiku, ukiongeza 3, ni saa 12 ya usiku ya seva, ambayo yenyewe huiandika 00, na ndiyo saa seva inayoanza kutengeneza nakala yake ya akiba, kazi inayoisumbua diski na hifadhidata kwa dakika kadhaa. Fundi ataisogeza kazi hiyo juma lijalo, lakini kwanza amewauliza wenye zamu ya usiku ni saa ngapi wao hawasomi kabisa. Wamejibu kwamba ni saa kumi na moja alfajiri, majani yanapotolewa.